Mkataba unasema "kazi yoyote": saini ya fundi wa ndege inafika wapi?

Swali: "Mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni ya B1.1 (ya bodi, injini na mifumo ya kimakanika) na vibali vya aina mbili za ndege. Kampuni imetuletea mkataba mpya wenye kipengele cha 'unyumbufu wa ujuzi'. Kinatutaka tufanye kazi yoyote tutakayopangiwa: kazi za avioniki (vifaa vya elektroniki vya ndege) za wenzetu wenye leseni ya B2, stoo, kukokota na kusukuma ndege, kujaza mafuta, hata kupakia mizigo uwanja ukizidiwa. Baadhi ya wenzangu wanasema tugome. Wengine wanasema anayejua mengi ndiye anayebaki kazini mambo yakiwa magumu. Je, mwajiri ana haki ya kudai hivyo? Na mimi nijitanue hadi wapi bila kuiweka leseni yangu hatarini?"

Jibu: Ndugu yangu, usikikatae kipengele chote, na usikitie saini kama kilivyo. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja, mikono yako na saini yako, na kazi yako ya kwanza ni kuvitenganisha. Mikono, mwajiri anaweza kuipangia mambo mengi sana, mradi umefunzwa na sheria za kazi zimefuatwa. Saini hawezi kuipanua hata kidogo, kwa sababu hakukupa yeye. Wanaotaka mgome wanasahau la kwanza, na aliyeandika mkataba huo amesahau la pili.

Tuanze na karatasi zinazokuhusu, maana ziko tatu na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni leseni, inayotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga. Msingi wake ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga: mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18, na awe na uzoefu wa miaka 4, au miaka 2 ikiwa amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Ya pili ni kibali cha kampuni, ile karatasi yenye namba yako au muhuri wako, inayosema wewe hapa, katika karakana hii, unaruhusiwa kuachia ndege za aina fulani kwa kazi fulani. Kuachia ndege ni kuandika katika kitabu chake cha ufundi kwamba kazi imefanywa kama ilivyotakiwa na ndege iko tayari kurudi kazini. Ya tatu ni mkataba wa ajira.

Uhusiano wa karatasi hizo ni huu. Leseni huweka mpaka wa nje kabisa. Kibali cha kampuni kinaweza kuubana mpaka huo. Kampuni ikiona hujawahi kugusa injini fulani, ina haki na wajibu wa kukunyima kibali cha kuisainia hata kama leseni inakuruhusu. Kibali hakiwezi kuupanua. Na mkataba wa ajira hauna la kusema kuhusu saini hata kidogo: unaeleza tu unaweza kutumwa wapi na kulipwa nini. Kwa hiyo hata ukitia saini mkataba unaosema "kazi yoyote", asubuhi yake bado utakuwa B1 yuleyule. Ukiachia kazi iliyo nje ya leseni, mamlaka haitauliza mkataba wako unasemaje. Itakuuliza wewe.

Sasa tuje kwenye avioniki, maana hapo ndipo penye utata wa kweli.

Chini ya kanuni za EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, ambazo nchi nyingi zimezifuata au kuziiga, B1 husaini kazi za bodi la ndege, injini, mifumo ya kimakanika na mifumo ya umeme. Nasisitiza umeme, kwa sababu wapo mameneja, na hata mafundi, wanaoamini kwamba chochote chenye waya ni cha B2. Jenereta ni yako. Betri ni yako. Kuhusu avioniki, B1 anaruhusiwa kusaini kazi ambayo uzima wake unathibitishwa kwa jaribio rahisi tu, na isiyohitaji kutafuta chanzo cha hitilafu. B2 naye ana avioniki na umeme kwa ukamilifu, pamoja na kazi za umeme na avioniki zilizomo ndani ya injini na mifumo ya kimakanika, mradi nazo zinathibitika kwa jaribio rahisi.

Maneno "jaribio rahisi" hayakuachwa yaelee. Maelezo ya EASA yanasema jaribio hilo liwe limeandikwa katika mwongozo ulioidhinishwa. Lifanyike kwa swichi za ndege yenyewe, kwa mfumo wake wa kujipima, au kwa kifaa cha nje kisichohitaji mafunzo maalumu. Lisizidi hatua 10, bila kuhesabu zile za kuiandaa ndege kabla na kuirudisha ilivyokuwa baadaye. Na jibu lake liwe moja la wazi, ama limepita ama halikupita, au kipimo kimoja kilicho ndani ya viwango. Ikibidi ulinganishe vipimo viwili vinavyotegemeana ili ujue maana yake, jaribio hilo si rahisi tena.

Chukua redio ya mawasiliano ya VHF. Rubani ameandika kwamba redio namba 2 haisikiki. Mwongozo unakuambia ubadilishe kisanduku chake. Unazima na kufunga breka ya umeme ya redio hiyo kwa alama ya tahadhari ili mtu asiirudishe, unalegeza nati za kukishikilia kisanduku kwenye rafu, unakivuta polepole, unamulika tochi nyuma kuangalia kama kuna pini iliyopinda, unasukuma kisanduku kipya hadi kikae, unakaza, unaondoa alama, unarudisha breka, unawaita kwa redio watu wa mnara wa kuongozea ndege. Wakikujibu vizuri nawe ukawasikia vizuri, umemaliza. Kazi hiyo B1 mwenye kibali anaisaini bila wasiwasi wowote.

Lakini wasipojibu? Hapo kazi imebadilika jina. Sasa swali ni antena, au kebo, au paneli ya rubani, au kile kisanduku kipya kimetoka stoo kikiwa kibovu. Kutafuta jibu la swali hilo ndiko kutafuta chanzo cha hitilafu, na huko ni kwa B2. Unaweza kuwa na akili kuliko B2 wako. Unaweza kuwa umeiona hitilafu hiyohiyo wiki iliyopita. Haibadilishi kitu. Unafunga ulichofungua au unaiacha wazi kwa maandishi, unaandika ulipofikia, unamwita mwenye kazi. Kama hayupo, kuna orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo vikiwa vibovu kwa masharti na kwa muda maalumu. Orodha hiyo ndiyo inayoamua kama ndege itaondoka. Ratiba haina nafasi katika uamuzi huo.

Naelewa kwa nini waajiri wanasukuma mpaka huu. Tangu ndege ya Airbus A320 ilipoingia kazini mwaka 1988 na usukani wake unaopeleka amri kwa njia ya umeme na kompyuta, hitilafu ya mabawa madogo ya kuongozea ndege imekuwa haisemi yenyewe kama ni ya chuma au ya elektroniki. Unakuta mafundi wawili wanasimama chini ya bawa moja, kila mmoja akimtazama mwenzake, na dakika zinakwenda. Malalamiko ya meneja hapo yana msingi. Dawa yake, hata hivyo, ni kuwafunza watu na kuwapa leseni ya pili, au kuwapanga B1 na B2 katika zamu moja. Kuandika neno "unyumbufu" kwenye mkataba hakumwongezei mtu ujuzi. Na mfumo wa ndege wa kujipima usikudanganye: kompyuta itakuambia "badilisha kisanduku hiki", nawe utakibadilisha, na kile ulichokitoa kitapimwa karakana kionekane kizima kabisa, kwa sababu tatizo lilikuwa kiungio cha waya mita chache kutoka hapo.

Kama nchi yako inafuata mfumo wa Marekani, mipaka imechorwa kwa namna nyingine. Huko cheti cha fundi kina sehemu mbili, bodi na injini, na hakuna leseni ya pekee ya avioniki kama B2. Ila sheria ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inasema fundi haruhusiwi kusimamia wala kuidhinisha kazi ambayo hajawahi kuifanya ipasavyo yeye mwenyewe hapo kabla, au aonyeshe kwamba anaiweza, na inamkataza kutengeneza vyombo vya vipimo vya ndege. Njia ni tofauti, lakini mwisho wake ni uleule: huwezi kuithibitisha kazi usiyoijua.

Kuna sehemu ya unyumbufu ambayo ni halali na nzuri, na ningependa uikubali kwa moyo mweupe. Unaweza kufanya kazi chini ya saini ya mwingine. B2 anapitisha kebo mpya kwenye dari la kabati la abiria. Wewe unafungua paneli, unashikilia, unafunga vishikizo vya waya kwa umbali aliokuonyesha, yeye anakagua na kusaini. Kesho yeye anakushikia taa unapobadilisha pampu ya haidroliki. Mafundi wengi wazuri walijifunza nusu ya wanachokijua kwa namna hiyo. Masharti ni mawili: uwe umeelekezwa kazi hiyo na maelekezo hayo yawe na kumbukumbu, na anayesaini awe ameiona kazi kwa macho yake pale inapotakiwa kuonwa. Lugha ya hangani, yaani karakana ya ndege, iwe nyepesi: "Nakusaidia mpaka mwisho, ila kusaini ni wewe." Asiyekubali sentensi hiyo alikuwa anatafuta saini yako tangu mwanzo.

Nikupe matukio matatu, yote yamechunguzwa na kuchapishwa, kwa sababu katika kila moja kuna watu wema waliokosea wakitaka kazi iende.

La kwanza ni la Juni 10, 1990, Uingereza. Ndege aina ya BAC 1-11 ya British Airways ilikuwa inapanda, iko karibu futi 17,300, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kikang'oka. Rubani akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu wakamshika miguu mpaka rubani msaidizi alipoiteremsha ndege Southampton. Rubani alinusurika. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 hivi kabla, usiku, katika zamu iliyokuwa na upungufu wa watu. Aliyekibadilisha ni meneja wa zamu mwenyewe. Aliamua kuishika kazi ili isilale. Alichagua bolti kwa kulinganisha kwa macho na zile alizozitoa. Mtu wa stoo alimtajia saizi inayotakiwa, lakini jambo hilo halikusukumwa mbele. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa na kipenyo kidogo kuliko kinachotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Na kwa kuwa kioo hicho hakikuhesabiwa miongoni mwa sehemu nyeti, hapakuwa na ukaguzi wa mtu wa pili. Meneja alifanya, meneja akasaini, na ambaye kwa kawaida angemkagua fundi usiku ule alikuwa ni yeye mwenyewe. Angalia vizuri: leseni yake ilikuwa inamruhusu. Kilichopotea ni jicho la pili.

La pili ni la Septemba 11, 1991, Texas, Marekani, ndege ya Continental Express aina ya Embraer 120. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walikuwa wanabadilisha mipira ya kuzuia barafu kwenye bawa la mkia. Mkaguzi wa ubora, akitaka kusaidia, alipanda juu akafungua skrubu za juu, upande wa kulia na wa kushoto. Zamu ikabadilika, makabidhiano yakaharibika, na upande wa kushoto skrubu 47 za juu hazikurudishwa. Waliokuja walifanya upande wa kulia. Ndege ikaruka asubuhi na kusambaratika hewani. Watu wote 14 waliokuwemo walikufa. Mkaguzi alipojigeuza fundi, ukaguzi ulibaki bila mtu. Unyumbufu wa aina hii ndio unaoniogopesha zaidi, kwa sababu unaonekana kama ushirikiano mwema.

La tatu lina mwisho mzuri kidogo. Mei 5, 1983, ndege ya Eastern Air Lines yenye injini 3, aina ya L-1011, iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku mafundi walikuwa wamebadilisha vinasa chembe za chuma kwenye mafuta ya injini zote tatu, na havikuwa na oringi, yaani pete za kuzuia kuvuja. Mafundi walizoea kupewa vinasa hivyo vikiwa tayari na oringi. Usiku ule walivichukua kwingine, na kadi ya kazi ikasainiwa kana kwamba oringi zipo. Mafuta yakavuja kwenye injini zote. Zote zilizimika, na ndege ikatua Miami kwa ile moja iliyowashwa tena. Ndiyo sababu leo kanuni zinataka mtu mmoja asifanye kazi ileile kwenye injini zote za ndege moja kwa wakati mmoja, na panapokuwa hakuna njia nyingine, hatua ya ziada ya ukaguzi iwekwe. Msimamizi anayesema "mafundi wetu wote wanaweza yote, kwa hiyo mmoja anatosha" hajaisoma kanuni hiyo, au anaiona kama pambo.

Kwa kazi za uwanjani, kukokota, kusukuma, kuvaa hedseti na kuongea na rubani wakati wa kuwasha injini, kujaza mafuta, mimi sioni ubaya. Nyingi kati yake fundi anazijua, na katika vituo vidogo zimekuwa zake siku zote. Kila moja ina mafunzo yake na kibali chake. Kukokota ndege kwa trekta bila mafunzo kumeshavunja mabawa na mikia ya kutosha. Kupakia mizigo ni kugumu kidogo kukutetea, maana si kinyume cha kanuni yoyote ninayoweza kukunyooshea kidole. Hoja yako hapo ni uchovu na kukatizwa. Mtu aliyeinua masanduku kwa saa kadhaa kwenye jua, kisha akaambiwa akakague bomba la mafuta kwa tochi, hakagui sawasawa. Mwaka 1993 Gordon Dupont wa Transport Canada aliorodhesha sababu 12 za makosa ya mafundi, orodha inayofundishwa duniani kote hadi leo, na humo mna uchovu, shinikizo, kukatizwa na upungufu wa watu na vifaa. Mkataba kama wako, ukitekelezwa ovyo, unaziita zote nne kwa pamoja.

Kukatizwa kuna dawa yake, na nakusihi uidai kwa maandishi: mtu asitolewe kwenye kazi iliyo wazi. Ikilazimika atolewe, kwanza aandike kwenye kadi amefika hatua gani, kipi kimelegezwa, kipi hakijafungwa kwa waya wa usalama. Akirudi, arudi nyuma hatua tatu kabla ya kuendelea. Nati iliyokazwa kwa vidole na nati iliyokazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, zinafanana kabisa kwa macho. Anayejua tofauti ni aliyeikaza, na yeye sasa yuko upande wa pili wa uwanja anasukuma ndege nyingine.

Stoo nayo isichukuliwe kuwa ni pahala pa kumpumzisha fundi. Kupokea kipuri ni kazi ya mwenye kibali cha kupokea: anasoma hati iliyokuja nacho, analinganisha namba ya kipuri na namba ya ufuatiliaji, anatazama tarehe za mwisho za mipira na gundi. Leseni ya B1 peke yake haikupi kibali hicho. Ukipangiwa stoo, dai mafunzo na karatasi yake, la sivyo kaa huko kama msaidizi tu.

Sasa swali lako la pili, ujitanue hadi wapi. Jibu linategemea unafanya kazi wapi.

Kama uko kwenye kituo cha laini, ambapo ndege inatua, inakaa kwa muda mfupi na kuondoka, leseni ya B2 juu ya B1 ina thamani kubwa kuliko kibali cha aina ya tatu ya ndege. Usiku wa manane, mtu mmoja mwenye leseni zote mbili ndiye anayeamua kama abiria wanaondoka au wanalala. Kwa mfumo wa EASA, mwenye B1.1 anayetaka B2 huhitaji mwaka mmoja wa uzoefu wa vitendo katika kazi za B2, pamoja na mitihani: moduli (sehemu za mtihani wa leseni) ya 13 na ya 14, na zile za umeme na elektroniki zinazotakiwa kwa kina zaidi kuliko ulivyozifanya mwanzo, kila moja kwa alama zisizopungua asilimia 75. Mwaka huo wa uzoefu lazima urekodiwe kazi kwa kazi na kuthibitishwa kwa saini ya B2. Hapa ndipo mkataba wako unaweza kukufaa: kama kampuni inataka kweli mtu anayeweza pande zote, basi ikulipie mitihani na ikupange na B2 kwa ratiba inayojulikana. Ikikataa hilo lakini ikaendelea kudai uguse avioniki, utakuwa umejua inatafuta nini.

Kama uko hangani, kwenye matengenezo makubwa, mimi ningekushauri uzame kuliko kutanuka. Mtu anayejua vizuri kukagua ndani ya injini kwa boresikopu (kifaa cha kuchungulia ndani), au kutengeneza sehemu za nyuzi za kaboni, au kushona nyaya kwa viwango vya mtengenezaji, hutafutwa na kampuni nyingi kuliko anayejua kila kitu juujuu. Nyaya hasa. Kufinya kichwa cha waya kwa kifaa sahihi ni ujuzi wa mikono unaodharauliwa mno, na hitilafu za kero, zile za leo ipo kesho haipo, huwa zinatoka hapo.

Kila unachoongeza kina gharama ya kukitunza. ICAO, EASA na FAA wote wanakubaliana juu ya hili: ili utumie haki za leseni yako, ndani ya miezi 24 iliyopita uwe umefanya kazi ya matengenezo kwa miezi 6. EASA inakubali siku 100 za kazi mahali pa miezi hiyo 6, na inaangalia pia ulifanya nini: kuhudumia, kukagua, kujaribu mifumo, kutafuta hitilafu, kutengeneza, kubadilisha vipuri, kusimamia au kuachia ndege. Kupakia mizigo hakumo. Ukiwa na leseni mbili na aina nne za ndege lakini unagusa aina moja tu, zile nyingine zinakuwa herufi kwenye karatasi, na mwenye kuzisaini huku mikono imeshazisahau ni hatari kuliko asiyekuwa nazo. Beba hoja hii mezani kwa meneja, kwa sababu inaikata kampuni yenyewe: ikiwatumia B1 wake uwanjani nusu ya mwaka, siku ya ukaguzi wa mamlaka itajikuta ina wasaini wachache kuliko inavyodhani.

Nenda kwenye mazungumzo ukiwa na maneno yako mkononi. Ningependekeza kipengele kisomeke hivi: "Fundi anaweza kupangiwa kazi nyingine alizofunzwa na kupewa kibali, ndani ya mipaka ya leseni na kibali chake. Hatatakiwa kuthibitisha kazi iliyo nje ya mipaka hiyo, na hataadhibiwa kwa kukataa kufanya hivyo. Hatahamishwa kutoka kazi iliyo wazi bila makabidhiano ya maandishi. Mtu aliyeshiriki kufanya kazi hatatumika kuwa mkaguzi huru wa kazi hiyo." Kisha muda wa kazi za uwanjani uhesabiwe ndani ya saa zake za zamu, si juu yake. Suala la posho kwa leseni ya pili lijadiliwe kando, maana likichanganywa na haya mengine, usalama hugeuka kuwa kitu cha kubadilishana na fedha. Nendeni kama kundi ikiwezekana, B1 na B2 pamoja. Kampuni hupenda kuwasikiliza mmojammoja.

Na siku itakapotokea, saa kumi alfajiri, msimamizi akakuambia usaini tu "tutarekebisha kesho", usigombane naye wala usimhubirie. Mwambie: "Hii iko nje ya kibali changu. Naandika nilipofikia, na naomba B2 au tuifungue orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuwa vibovu." Andika kweli, wakati uleule, kwa kalamu, pamoja na saa. Kisha peleka taarifa kwenye mfumo wa usalama wa kampuni kabla hujaenda kulala, ukieleza upungufu wa zamu na wala si tabia za mtu. Taarifa kama hizo zikifika tatu nne kutoka kwa watu tofauti, meneja wa usalama ana kitu cha kuonyesha anapoomba B2 wa ziada wa usiku, na mamlaka ikija kukagua italikuta jambo hilo limeandikwa.

Kabla hujarudisha mkataba, omba kitu kimoja zaidi: orodha ya kazi zote wanazokusudia kuwapa B1, na mbele ya kila kazi waandike mafunzo yake, kibali chake na nani anaisaini. Wakishindwa kuijaza safu hiyo ya mwisho kwa kazi fulani, kazi hiyo itoke kwenye orodha.